Masta ya Ramani Si Kuchora, ni Kuumiza Kichwa

UKIMWAMBIA mtu hapa mjini kwamba unasoma masta ya sheria au ya biashara, anakupa mkono wa hongera hapo hapo. Mwambie unasoma masta ya sayansi ya taarifa za kijiografia, uone atakavyokukodolea macho. Shangazi yangu wa Temeke aliniuliza mara tatu, halafu akatoa hukumu: "Kumbe ramani! Si zilishachorwa na Wajerumani hizo, mwanangu?"

Basi msomaji, najua nawe una swali hilo hilo, ngoja nikupashe. Ramani tunazo, tena nyingi. Balaa ni kuzifanya zikubaliane. Chukua zile za zamani za Tanzania, za kipimo cha moja kwa 50,000. Zilijengwa juu ya msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960. Simu iliyo mfukoni mwako inasoma setelaiti kwa msingi mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za mahali kutoka ramani ya zamani ukazibandika kwenye ya leo bila kuzigeuza, kitu kinahama karibu mita 300. Porini, mita 300 si kitu. Pale Manzese, bwana wee, umeshavuka mtaa na umeingia uani kwa watu.

Ramani za kompyuta zilianza miaka ya 1960 kule Kanada, Roger Tomlinson aliposhika kazi ya kuorodhesha ardhi ya nchi ile kubwa. Jina la sayansi yenyewe lilikuja baadaye, katika makala ya Michael Goodchild ya mwaka 1992. Tofauti ni hii: kubonyeza vitufe ramani ikatoka, huo ni mfumo. Kuuliza kama kilichotoka ni kweli, na kwa kiasi gani, hiyo ndiyo masta.

Darasani kwetu ni mchanganyiko. Yuko mpima ardhi, yuko bwana afya, yuko dada mmoja wa takwimu ambaye hacheki na mtu. Bwana afya alichangamka siku tuliposoma habari za John Snow, yule daktari wa London aliyeweka vifo vya kipindupindu vya mwaka 1854 kwenye ramani, vikaonekana vimeizunguka pampu moja ya maji, mtaa wa Broad Street. Ilipofika zamu ya hesabu za kulikunjua duara la dunia kwenye karatasi bapa, alichangamka mpima ardhi peke yake. Sisi wengine tulikaa kimya kama tuko msibani. Na kuandika programu kwa Python kumo, asikudanganye mtu.

Kuhusu vifaa, usiogope sana. QGIS, programu iliyoanzishwa mwaka 2002, ni ya bure kabisa. Kinachouma ni kompyuta yenye nguvu na bando la kushusha picha za setelaiti. Kazi nazo zipo za aina nyingi: mamlaka za maji, makampuni ya simu yanayotafuta pa kusimika minara, migodi, halmashauri. Lakini hakuna anayekusubiri mlangoni na mkataba.

Sasa njoo kwenye tasnifu yangu, hapo ndipo usingizi ulipoisha. Nilichagua mafuriko ya Tandale, kandokando ya Mto Ng'ombe. Nilijiona mjanja, maana kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi na wakazi mtaani kuchora nyumba, mitaro na vichochoro, na kazi yao iko OpenStreetMap, yeyote anachukua. Miinuko ya ardhi nikaitoa kwenye vipimo vya rada vya chombo cha Endeavour, kilichoruka Februari 2000 kwa siku 11 na kupima sehemu kubwa ya dunia. Kila kipimo ni mraba wa mita 30 kwa 30. Tandale, mraba huo unameza nyumba kadhaa, choo, mtaro na genge la nyanya, vyote vikapewa kimo kimoja. Tena rada inakutana na mabati kabla haijafika chini.

Nikaenda kuhakiki. Mama mmoja mwenye genge akanionyesha alama ya maji ukutani kwake, imenipita kiuno. Kompyuta yangu ilisema pale ni pakavu.

Nikamwambia, mama, nyumba yako nitaiingiza kwenye mstari wa mafuriko. Akaacha kupanga nyanya. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, nyumba za Bonde la Msimbazi zilipigwa X nyekundu na nyingi zikabomolewa, naye hajasahau. "Ukiniweka ndani ya mstari, mwanangu, watakuja na rangi. Ukiniacha nje, maji yakija nani atajua kama nipo?"

Hilo halimo kwenye kitabu chochote nilichopewa kusoma. Mwalimu wangu anataka mstari, kwa sababu mtu wa mipango miji anahitaji mstari. Mimi nimekataa. Nachora vivuli: hapa maji hufika mara nyingi, hapa mara chache, na hapa vipimo vyenyewe havijui, kwa hiyo nimepaka kijivu. Alama za ukutani ndizo zinasahihisha rada. Tumebishana wiki tatu na bado hajasaini.

Jumamosi hii narudi Tandale na futikamba, nyumba kwa nyumba, kupima alama zilizobaki kabla watu hawajapaka chokaa. Mchumba wangu nimeshamwambia mihogo ya Coco Beach isubiri. Alinuna kidogo, halafu akauliza nani atashika upande wa pili wa futi.