Njia ya Mbao katika Genge la Huashan
Mlima Huashan, mkoani Shaanxi nchini China, ni mmoja wa milima mitano mitakatifu ya nchi hiyo. Mwamba wake ni graniti, nao hupasuka kwa nyufa za wima. Vipande vikianguka, hubaki ukuta mtupu. Katika ukuta huo watawa wa Kitao walitoboa matundu, wakashindilia mihimili na kulaza mbao juu yake. Mhimili ulioshikwa ncha moja hupata mkazo unaozidi kadiri uzito unavyokaa mbali na ukuta. Hivyo mpitaji aliyefungwa mkanda wa usalama, akijibana mwambani, huipunguzia mihimili mkazo, ingawa yeye hudhani anajiokoa nafsi yake tu. Adui wa tundu ni maji: yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi, chuma nacho kikipata kutu huvimba, na ufa hupanuka.