Ada ya Athari ya Ujenzi: Nani Alipie Huduma za Mtaa Mpya?

Ada ya athari ya ujenzi ni fedha ambazo mji humtoza mwendelezaji mara moja tu, kwa kawaida anapochukua kibali, ili kugharimia sehemu ya barabara, mabomba ya maji, shule, bustani na vituo vya zimamoto vitakavyohitajika kwa sababu ya majengo yake. Ada hii imeenea zaidi Marekani. Jimbo la California ndilo mahali pazuri pa kuielewa, kwa kuwa viwango vyake ni miongoni mwa vya juu kabisa nchini humo na mabishano juu yake hayajawahi kupoa.

Kwa miaka mingi miji ya Marekani ilijenga huduma zake kwa kodi ya majengo na kwa kukopa kwa njia ya hatifungani. Deni lilibebwa na wote, wenyeji wa zamani na waliohamia juzi. Utaratibu huo ulianza kuyumba pale miji ilipokua kwa kasi kuliko makusanyo. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Florida iliamua shauri la mji mdogo wa Dunedin, uliokuwa ukiwatoza wateja wapya wa maji gharama ya kupanua mitambo. Mahakama ilisema jambo lenyewe si kosa. Kosa ni kwamba kanuni za mji hazikuzifunga fedha hizo zitumike kwa upanuzi peke yake. Katika uamuzi huo umo msingi wa yote yaliyofuata: anayeongeza mzigo anaweza kuchangia, lakini mchango wake lazima uende palipo na mzigo huo. Mwaka 1987 Texas ilitunga sheria ya kwanza ya jimbo zima kuhusu ada hizi, na majimbo mengine yakafuata.

California ilisukumwa na jambo jingine. Juni 1978 wapiga kura wake walipitisha Pendekezo la 13, lililoweka kikomo cha kodi ya majengo kuwa asilimia 1 ya thamani, na kuzuia thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba itakapouzwa. Kodi yoyote mpya yenye kusudi maalumu ilihitaji theluthi mbili ya kura. Mapato ya kodi ya majengo yaliporomoka kwa zaidi ya nusu mara moja, na miji haikuweza tena kuyapandisha kadiri ya mahitaji. Ikageukia mlango uliobaki wazi, yaani ada kwa ujenzi mpya, ambayo halmashauri inaweza kuipitisha bila kuitisha kura ya wananchi. Anayetaka kujua kwa nini ada za California ni kubwa aanzie hapo. Wenye nyumba walijikinga na kodi, na sehemu kubwa ya gharama ya ukuaji ikahamia kwa watu ambao bado hawajahamia mjini, na kwa hiyo hawana kura.

Jinsi ada inavyokokotolewa ndiyo roho ya jambo lote. Hatua ya kwanza ni utafiti wa uhusiano: wataalamu hukadiria idadi ya nyumba, maduka na ofisi zitakazojengwa, kwa kawaida katika miaka 20 ijayo, kisha huorodhesha miundombinu itakayohitajika na bei yake. Hatua ya pili ni kutenganisha mahitaji yanayoletwa na wageni na upungufu uliokuwapo tangu zamani. Upungufu wa zamani hauruhusiwi kuingizwa katika ada. Kama shule za mji tayari zimefurika, mgeni hawezi kutozwa gharama ya kupunguza msongamano alioukuta.

Tuseme mji unahitaji vituo vitatu vipya vya zimamoto, kila kimoja kwa dola milioni 10. Utafiti unaonyesha kuwa kituo kimoja kinaziba pengo la mitaa ya zamani, na viwili vinahitajika kwa ajili ya nyumba 10,000 zitakazojengwa. Gharama inayoweza kudaiwa kwa wajenzi ni dola milioni 20, yaani dola 2,000 kwa kila nyumba. Dola milioni 10 zilizobaki ni za mji wenyewe kuzitafuta kwingine. Sasa tuseme miaka sita imepita, bei ya saruji, chuma na vibarua imepanda, na kituo kimoja kinagharimu dola milioni 14. Ada ya haki kwa mahesabu yaleyale ni dola 2,800. Halmashauri ikiacha ada ya dola 2,000 kwa kuogopa kelele, kila nyumba inayojengwa huacha deni la dola 800. Deni hilo halionekani popote mpaka siku kituo cha pili kinapokosa fedha, na watu elfu kadhaa wameshahamia.

Ndiyo maana kupandisha ada si lazima kuwe ukatili kwa wajenzi. Mara nyingi ni kurudisha mahesabu mahali pake. Miji mingi hufunga viwango vyake kwenye kipimo cha bei za ujenzi, hasa kile kinachochapishwa na jarida la wahandisi la Engineering News-Record, ili ada ipande kidogo kila mwaka badala ya kukaa muongo mzima kisha kuruka ghafla. Utaratibu huo ni bora kuliko ule wa kungoja, kwa mji na kwa mjenzi pia, kwani wote wanaweza kupanga bajeti mapema.

Mipaka ya ada imewekwa na bunge na mahakama. Sheria ya California ya mwaka 1987, iliyoanza kazi mwaka 1989, inautaka mji utaje kusudi la ada, ueleze inahusianaje na ujenzi unaotozwa, uitunze katika akaunti yake maalumu, na utoe taarifa kila mwaka kuhusu kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Kila miaka mitano fedha ambazo hazijatumika lazima zitolewe maelezo. Mji ukishindwa, unapaswa kuzirudisha kwa wamiliki wa nyumba zilizotozwa. Si sheria ya mapambo. San Clemente, mji wa pwani kusini mwa Los Angeles, ulianza mwaka 1989 kutoza ada ya maegesho ya magari ufukweni, kwa hoja kwamba wakazi wa mitaa mipya ya bara wangefurika pwani. Miaka ikapita, maegesho hayakujengwa, na maelezo ya mji yakarudia yaleyale ya mwanzo bila uchunguzi mpya. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa iliamuru zaidi ya dola milioni 10 zirudishwe.

Mahakama ya Juu ya Marekani nayo imeingia mara kadhaa. Katika shauri la Nollan mwaka 1987 na la Dolan mwaka 1994 ilisema serikali haiwezi kumwekea mwenye ardhi sharti la kibali lisilohusiana na athari ya ujenzi wake, na kwamba hata linapohusiana, uzito wake uwiane na athari hiyo. Swali lililobaki lilikuwa kama kanuni hiyo inazigusa ada zilizopitishwa na halmashauri kwa watu wote, au masharti anayowekewa mtu mmoja tu. Jibu lilikuja Aprili 2024. Mkazi wa Kaunti ya El Dorado, mashariki ya Sacramento, alitaka kuweka nyumba iliyotengenezwa kiwandani kwenye kiwanja chake akaambiwa alipe dola 23,420 za ada ya barabara. Alilipa huku akipinga, kisha akashtaki. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba ada haikwepi kanuni ile eti kwa sababu imepitishwa na chombo cha kutunga sheria. Hawakuifuta ada yenyewe; waliirudisha kesi chini. Hata hivyo, tangu hapo mji unaopandisha ada kwa kubahatisha unajua unaweza kuulizwa mahesabu mbele ya jaji.

Swali la nani hasa anayelipa ni gumu kuliko linavyoonekana. Hundi huandikwa na mwendelezaji, lakini yeye hutafuta wa kumhamishia. Ada ikijulikana mapema, kabla hajanunua ardhi, huipunguza katika bei anayompa mwenye shamba, na hivyo anayeumia ni mwenye ardhi, ambaye thamani ya mali yake imepanda kwa sababu mji umemfikia. Ada ikipandishwa ghafla baada ya ardhi kununuliwa, hakuna wa kurudishiwa mzigo huo. Unamwangukia mnunuzi au mpangaji, au mradi unakufa kabla ya kuchimbwa msingi. Tofauti kati ya hali hizi mbili haiko katika ukubwa wa ada peke yake, iko katika muda wa taarifa. California inataka kikao cha hadhara kabla ya kupandisha, na ada za nyumba hazianzi kutozwa kabla ya siku 60 kupita. Siku 60 ni chache. Mji wenye busara hutangaza ratiba ya miaka miwili au mitatu na kupanda kwa ngazi.

Namna ya kutoza nayo ina haki yake na dhuluma yake. Kwa muda mrefu miji mingi ilitoza kiwango kimoja kwa kila nyumba. Chumba na sebule chenye futi za mraba 600 kililipa sawa na jumba la futi 3,000, ingawa jumba lina watu wengi zaidi, magari zaidi na maji zaidi. Matokeo yake ni kwamba wajenzi walikimbia nyumba ndogo, zile hasa ambazo vijana na wazee wanazitafuta. Sheria ya mwaka 2021 imeitaka miji ya California ikokotoe ada za nyumba kwa futi za mraba, isipokuwa itoe sababu za msingi za kutofanya hivyo, na irudie utafiti wake walau kila baada ya miaka minane. Nyumba ndogo za uani zilizo chini ya futi 750 zilikwishaondolewa ada hizo tangu mwaka 2020. Hatua hizi zilichelewa mno.

Kuna jambo ambalo ada haiwezi kulifanya, na ndipo halmashauri nyingi hujidanganya. Ada hujenga kituo cha zimamoto. Haimlipi askari wa zimamoto. Hujenga madarasa, haimlipi mwalimu. Sheria inakataza kuitumia kwa uendeshaji na matengenezo, na hata isingekataza, malipo ya mara moja hayawezi kubeba mshahara wa kila mwezi. Tena hufuata mawimbi ya soko. Mwaka 2005 California ilitoa vibali vya zaidi ya nyumba 200,000. Mwaka 2009 havikufika 40,000. Mji uliokopa kwa kutegemea ada za kesho ulijikuta na deni lisilo na mlipaji. Kwa hiyo mji unaokua unahitaji pia kodi ya majengo inayokwenda na thamani halisi na bili za maji zinazofidia gharama ya kuyasambaza. Asiyetaka hivyo atajenga bustani nzuri asiyoweza kuikata majani.

Mantiki ya mgeni kulipia mzigo anaouleta si ngeni Afrika Mashariki. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanzishwa na Wizara ya Ardhi jijini Dar es Salaam mwaka 2002 uliweka katika bei ya kiwanja gharama za fidia, upimaji na barabara za kuingia mtaani. Mnunuzi ndiye aliyelipia maandalizi ya mtaa wake, wala si wakazi wa maeneo ya zamani ya jiji kama Mbagala au Manzese. Ila bei hiyo haikubeba kila kitu, na huduma kama maji na umeme zilikuja nyuma ya watu katika maeneo kadhaa. Kiwanja kilichopimwa kina faida kubwa kuliko makazi holela, lakini mradi ule ulionyesha kwamba huduma isiyoandikwa katika hesabu tangu mwanzo haina anayeilipia.

Mwananchi anayekwenda kwenye kikao cha kupandisha ada, popote alipo, aombe kuonyeshwa mambo matatu kabla ya kuunga mkono au kupinga: utafiti uliozaa kiwango kipya na tarehe yake, orodha ya miradi iliyotengewa fedha hizo, na salio la akaunti kwa miaka mitano iliyopita. Halmashauri isiyoweza kuyaweka mezani haijawa tayari kupandisha ada, na kikao kiahirishwe hadi itakapoyaweka.