Ni Nani Aliyetoa?

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kuwaza pamoja juu ya fedha zinazotolewa na wanasiasa, na zile ambazo wao nao hupewa na wengine.

Mtume Paulo alisimamia changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, twasoma kwamba makanisa yalimchagua ndugu asafiri pamoja naye, ili mtu yeyote asipate neno la kumlaumu. Paulo hakuwa mwizi. Lakini alijua kwamba haitoshi Mungu kuuona unyofu wetu. Watu nao wapaswa kuuona.

Sasa tutazame hali yetu. Mkandarasi humpa mgombea fedha, magari na fulana za kampeni. Mgombea akishinda, huenda akawa na sauti katika kuamua ni nani apewe kazi ya barabara. Hapo ana mabwana wawili: wananchi waliompigia kura, na mtu aliyemlipia kampeni. Huo ndio mgongano wa maslahi. Labda mkandarasi huyo ndiye afaaye kuliko wote; lakini kama fedha zilitolewa kwa siri, ni nani atakayesadiki? Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Mwaka 2013 Kenya ilipitisha sheria ya fedha za kampeni, ili michango ijulikane na matumizi yawe na kikomo. Hata hivyo, uchaguzi wa 2017 na ule wa 2022 ulifanywa bila vikomo hivyo kutumika.

Wengine watasema, hayo ni ya wanasiasa. La, yametufikia hata kanisani. Novemba 2024, siku chache baada ya maaskofu Wakatoliki kuikosoa serikali hadharani, Rais alitoa zaidi ya shilingi milioni 2 katika kanisa la Soweto, Kayole, jijini Nairobi, akaahidi nyingine milioni 3 pamoja na basi. Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha zirudishwe, na ahadi zile akazikataa. Hatusemi kwamba mtoaji alikuwa na nia mbaya. Ya moyoni ayajua Mungu. Twasema tu kwamba kanisa linalongojea basi kutoka kwa mtawala litaona uzito kumwonya mtawala huyo.

Basi, tufanye nini? Kwanza, kila mchango mkubwa uandikwe: jina la mtoaji, kiasi, tarehe na kazi iliyokusudiwa, kisha usomwe mbele ya washirika wote. Pili, tuulize bila haya fedha zimetoka wapi, maana mshahara wa kiongozi wajulikana, na mamilioni ya kila Jumapili hayaanguki kutoka mbinguni. Tatu, mzee wa kanisa anayegombea kiti, au mwenye haja yake kwa mtoaji, atoke nje wakati kamati inapoamua. Na zawadi isiyoweza kutajwa hadharani, irudishwe kwa mwenyewe.

Ndiyo, mabati yatachelewa. Lakini afadhali tusali chini ya mti tukiwa na uhuru wa kusema kweli, kuliko kukaa chini ya paa jipya vinywa vikiwa vimefungwa.

Bwana atujalie mikono safi.