Si kila kikohozi ni kifua: Picha ya moyo inavyoweza kumwokoa mtoto wa ploti yenu

Ukiishi Kibera au Kawangware, huenda unamjua mtoto wa aina hii. Wenzake wakicheza mpira wa karatasi kwenye kichochoro, yeye anakimbia kidogo tu kisha anachuchumaa. Anahema. Baada ya dakika chache anainuka na kujiunga nao tena. Watu wa ploti wamemzoea. Kuna wanaomwita mvivu, kuna wanaosema ana kifua, na hakosi jirani wa kunong'ona kwamba hapo kuna mkono wa mtu.

Hebu mtazame vizuri. Kuchuchumaa kule kunaweza kuwa dalili ya moyo uliozaliwa na kasoro.

Duniani, takriban mtoto 1 kati ya kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Nyingi ni ndogo, na baadhi ya matundu huziba yenyewe mtoto anapokua. Lakini ziko kasoro adimu zinazohitaji upasuaji. Moja inaitwa tetralojia ya Fallot, kwa jina la daktari Mfaransa Étienne-Louis Arthur Fallot aliyeieleza mwaka wa 1888. Hiyo ni hitilafu 4 kwa mpigo: tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, njia nyembamba ya kupeleka damu mapafuni, mshipa mkuu uliokaa juu ya lile tundu, na ukuta wa kulia ulionenepa kwa kufanya kazi kupita kiasi.

Matokeo yake ni kuwa damu ambayo haijapita mapafuni inasambazwa mwilini, na mtoto anageuka rangi ya buluu. Kwa ngozi yetu nyeusi si rahisi kuiona, kwa hivyo tazama ulimi, ufizi na kucha. Na kuchuchumaa je? Kunabana mishipa ya miguu, shinikizo linapanda, na damu zaidi inasukumwa kuelekea mapafuni. Mtoto amejigundulia dawa bila kufundishwa na mtu.

Fallot aliyajua haya kwa kupasua maiti za wagonjwa. Leo daktari anayaona kwa mtoto aliye hai, tena bila kisu. Tofauti iko kwenye picha.

Mwaka wa 1953, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz, mjini Lund nchini Uswidi, walielekeza mawimbi ya sauti kwenye moyo wa binadamu. Walianza na mtambo uliotumika kiwandani kukagua nyufa ndani ya vyuma. Ni kama fundi wa jua kali anayegonga chuma na kusikiliza kama ni kizima. Kipimo kilichotokana na kazi yao ndicho hospitali zetu hukiita eko, yaani mwangwi.

Hakuna cha kuogopa kwenye eko. Mtoto analazwa, anapakwa jeli kifuani, na kifaa kidogo kinapitishwa juu ya ngozi. Kinatoa sauti ambayo sikio halisikii, nayo ikigonga kuta za moyo inarudi na kuchorwa kwenye skrini. Hakuna sindano wala miale. Unaona vyumba vikikunjuka, valvu zikifunguka, na damu ikipita kwa rangi. Nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, buluu ni inayokwenda mbali nacho. Rangi ikitokea mahali palipopaswa kuwa na ukuta, basi kuna tundu.

Kasoro ikiwa ngumu zaidi, eko peke yake huenda isitoshe. Sauti haipenyi vizuri kwenye hewa ya mapafu wala kwenye mfupa, hivyo mishipa iliyojificha nyuma yake inahitaji skani ya CT, inayotumia miale, au MRI, inayotumia sumaku. Katika baadhi ya hospitali duniani, picha hizo hugeuzwa kuwa sanamu ya moyo wa mgonjwa huyo, ili daktari aishike mkononi kabla ya kupasua.

Sasa turudi mtaani, maana shida kubwa iko hapa. Si kila kasoro humgeuza mtoto buluu. Tundu kubwa kati ya vyumba vya chini hufurika damu mapafuni, na mtoto anapata nimonia mara kwa mara. Anatoka jasho akinyonya, anaachia titi kabla ya kushiba, na uzani wake haupandi. Fikiria nyumba ya mabati ya chumba kimoja, jiko la makaa ndani, unyevu ukutani. Hapo watoto wengi hukohoa kweli. Mwenye moyo mbovu anapotea katikati yao, anapewa dawa ya kikohozi leo na nyingine mwezi ujao.

Kuchelewa huko kuna gharama. Mapafu yakifurika damu kwa miaka, mishipa yake huwa migumu, na inafika hatua ambapo kuziba tundu hakusaidii tena. Mtoto ambaye angepona kwa upasuaji anaambiwa hawezi kufanyiwa.

Wewe kijana unaingia wapi? Wewe ndiye unayekaa naye mama akienda kibarua, na simu unayo. Ukimwona anahema akinyonya au anachuchumaa akicheza, mrekodi video fupi. Usiitume kwenye TikTok, mwonyeshe daktari, kwani kliniki mtoto anaweza kufika akiwa ametulia kabisa. Beba kijitabu cha kliniki chenye rekodi ya uzani wake. Kisha uliza bila aibu: moyo wake umesikilizwa? Oksijeni imepimwa kidoleni? Je, anahitaji eko?

Zahanati ya mtaa huenda haina mashine hiyo, lakini inaweza kuandika barua ya rufaa. Kibera iko jirani na Hospitali ya Mbagathi, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta haiko mbali. Ukiwa Kawangware ni matatu tu. Ndiyo, nauli na ada ni mzigo, na upasuaji ni ghali zaidi. Ndiyo maana tangu 1994 Wanairobi wamekuwa wakikimbia mbio za moyo za Hospitali ya Mater, kuchangia upasuaji wa watoto wasiojiweza. Lakini hakuna anayeweza kumchangia mtoto ambaye ugonjwa wake haujulikani. Picha ndiyo hutangulia.

Na mtoto akigeuka buluu ghafla au akazidiwa kupumua, usingoje kesho. Mkunje magoti hadi kifuani na umkimbize hospitalini.

Leo jioni ukipita kichochoroni na kumkuta amechuchumaa tena, usimpite. Keti karibu naye, mtazame kucha, halafu nenda ukaongee na mamake.