Rangi Aliyopewa Binti Yako

Mtoto akizaliwa hapa Ngana, majirani hufika kumwona na kumpongeza mama yake. Tukishampakata, macho yetu hukimbilia masikioni na kwenye kucha ili tutabiri rangi atakayokuwa nayo. Akionekana atakuwa mweupe tunashangilia. Akionekana atakuwa mweusi tunamtuliza mama yake, kana kwamba amepata hasara.

Twasema kwa mzaha, lakini mtoto hukua akiyasikia. Dada yake anaitwa "cheupe", yeye anaitwa "mkaa". Akifikia umri wa kuolewa, anawasikia shangazi zake wakimsifu bwana harusi fulani kwa kuwa amepata mke mweupe. Basi tusishangae tukikuta kopo la mkorogo limefichwa chini ya nguo zake. Kabla hajalinunua dukani, tulikuwa tumekwisha kumfundisha nyumbani kwamba ngozi yake ina kasoro.

Ndani ya kopo mna nini?

Mkorogo ni mchanganyiko wa krimu, losheni na sabuni, na mara nyingi hata anayeukoroga hajui kilichomo. Vitu vitatu ni vya kuogopwa hasa.

Cha kwanza ni zebaki, ambayo kwa Kiingereza huitwa "mercury". Huizuia ngozi isitengeneze melanini, yaani ile rangi ambayo ni kinga yetu dhidi ya jua. Zebaki hupenya ngozi, huingia katika damu na inaweza kuharibu figo. Mama akiwa mjamzito, humfikia mtoto aliye tumboni.

Cha pili ni haidrokwinoni. Ikipakwa kwa muda mrefu, inaweza kuacha madoa meusi ya kibuluu ambayo ni vigumu kutoka. Aliyetafuta weupe anaishia kuwa na mabaka usoni.

Cha tatu ni dawa za steroidi, kama klobetasoli, ambazo daktari hutoa kwa ugonjwa wa ngozi na kwa muda maalumu. Zikitumiwa ovyo, ngozi huwa nyembamba, hutoka michirizi, na vidonda huchelewa kupona. Mama ambaye huenda akajifungua kwa upasuaji alifikirie jambo hilo.

Si sisi peke yetu

Nchini India, krimu ya Fair & Lovely ilianza kuuzwa mwaka 1975. Matangazo yake yaliwaonyesha wasichana waliopata mchumba au kazi baada ya kuwa weupe. Mwaka 2020, baada ya malalamiko mengi, ilipewa jina jipya, Glow & Lovely, na ikaendelea kuuzwa. Jina la krimu hubadilishwa kwa siku moja, lakini fikira za watu huchukua muda.

Hapa Tanzania, vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu mwaka 2019 Shirika la Viwango, TBS, ndilo linalosimamia vipodozi. Hata hivyo, vinaendelea kupenya na kuuzwa. Mkaguzi anaweza kukamata makopo sokoni, lakini hawezi kuingia chumbani kwa binti zetu. Hapo ni zamu yetu akina mama.

Neno la Mungu

Katika Hesabu sura ya 12, Miriamu alimnung'unikia Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi, mwanamke wa bara letu hili la Afrika. Aliyepatwa na ukoma akawa mweupe kama theluji ni Miriamu mwenyewe! Naye bibi arusi wa Wimbo Ulio Bora alipigwa na jua akilinda mashamba ya mizabibu, wala hakuacha kujiona mzuri. Sisi tunaopalilia mpunga na kuanika kakao juani tunamwelewa vizuri.

Tufanye nini?

Tuyaache majina ya utani ya rangi, hata kwa watoto wachanga. Tumsifu binti kwa bidii yake, upole wake na akili zake, tena tumwambie waziwazi kwamba ni mzuri. Tuongee na wana wetu wa kiume pia, maana wanachagua wachumba kwa kufuata waliyoyasikia mezani kwetu. Kwenye kicheni pati, ambako tunamfundisha mwali mambo mengi, tumfundishe na hili.

Mwenzetu anayejichubua tusimsimange wala kumsema kwenye vikundi vya kanisa. Tumsindikize zahanati au hospitali akiwa na kopo lake, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zikiachwa ghafla ngozi huwaka na kuwasha vibaya, naye atahitaji ushauri wa mganga.

Tunaomba Bwana azilinde ndimi zetu, ili watoto wetu wasijifunze kutoka kwetu kuichukia kazi ya mikono yake.