Fidia kwa Madhara ya Chanjo

Mnamo Aprili 1955, watoto wengi wa Marekani walidungwa chanjo mpya ya polio, iliyotengenezwa kwa virusi vilivyouawa kwa formalini. Katika baadhi ya shehena za kampuni ya Cutter Laboratories, virusi vilibaki hai. Watoto kadhaa walipooza, na wengine wakafariki. Kosa lilithibitika kisayansi: virusi hai vilionekana katika shehena hizo, na mara nyingi kupooza kulianzia kwenye kiungo kilichodungwa. Mwaka 1958 wazee wa baraza la mahakama waliamua kwamba kampuni haikufanya uzembe, lakini ilipaswa kulipa fidia, kwa kuwa dawa iliyouza haikuwa salama kama ilivyoahidiwa.

Madai mengi hayana ushahidi ulio wazi namna hiyo. Watoto huchanjwa katika umri ambao maradhi kadhaa huanza kujitokeza yenyewe. Hivyo, kwa sadfa tu, wengine wataugua siku chache baada ya sindano. Jambo kutangulia jingine si hoja ya kwamba limelisababisha. Mwanasayansi hulinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, ndipo aamue.

Sheria, hata hivyo, haiwezi kumngojesha mgonjwa daima. Kwa sheria ya mwaka 1986, Marekani iliunda mfuko wa fidia usiodai uthibitisho wa uzembe. Mapato yake ni kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Lipo pia jedwali la madhara: kwa mfano, mzio mkali ukitokea katika saa nne baada ya chanjo ya pepopunda, huchukuliwa kuwa umeletwa na chanjo, isipokuwa sababu nyingine ithibitike. Dhara lisilomo katika jedwali humlazimu mdai kuleta ushahidi wa kitabibu. Kwa hiyo, yafaa ifahamike kwamba malipo peke yake si uthibitisho wa kisayansi.

Mwaka 2021 utaratibu kama huo ulianzishwa kwa nchi 92, zikiwemo Kenya na Tanzania, kuhusu chanjo za UVIKO-19 zilizogawiwa kupitia COVAX.

Msingi wake ni haki. Aliyechanjwa hujikinga yeye na kumkinga jirani pia. Iwapo dhara la nadra limempata mtoto mmoja, si haki wazazi wake waachiwe peke yao mzigo wa manufaa yaliyowafikia wote.