Ng'ambo ni Wapi? Mapenzi ya Yasmin Baada ya Ndoa Kuvunjika

Tukiulizwa dhamira za Vuta n'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, wengi wetu tunaanza na ukombozi. Ni mazoea tuliyotoka nayo kidato cha tano na cha sita: kwanza harakati za kumwondoa Mwingereza Unguja, pili matabaka, halafu mapenzi yanatupiwa aya moja mwishoni, kama ukoko. Makala haya yanapinga mpangilio huo. Kwa maoni yangu mapenzi ya Yasmin ndiyo yanayoibeba riwaya, na ufunguo wake umo katika neno moja: ng'ambo.

Tuanze na kisa. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Mapenzi hayamo. Anamkimbia, na anapowarudia jamaa zake hapokelewi, maana aliyemwacha mume kawaaibisha. Basi anakwenda kwa Mwajuma, rafiki yake wa Kiafrika anayeishi Ng'ambo. Maisha hayo mapya ndiyo yanayomkutanisha na Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye polisi wa kikoloni wanamwinda.

Sasa tulitazame hilo neno. Katika mazungumzo yetu, mtu akisema fulani yuko ng'ambo tunafikiria Ulaya. Lakini mjini Unguja, Ng'ambo ni upande mmoja wa mji wenyewe. Zamani khori la bahari liliutenga na Mji Mkongwe, watu wakavuka kwa daraja, na ndiyo maana hadi leo pale panaitwa Darajani. Khori lilikuja kufukiwa, mpaka ukabaki vichwani: huku majumba ya mawe ya wenye mali, kule nyumba za udongo za Waafrika na wanyonge wengine. Kwa miguu ni mwendo mfupi tu. Denge alikwenda Urusi akarudi na elimu; Yasmin alihamia upande wa pili wa mji tu, na tayari akawa mgeni kwa watu wake. Kumbe umbali wa ng'ambo haupimwi kwa maili. Unapimwa kwa milango inayofungwa nyuma yako.

Hapa ndipo Shafi anapoachana na riwaya pendwa. Huko tumezoea msichana aliyevunjwa moyo kupanda ndege, kukutana na mgeni mpole, na machozi kukauka. Ughaibuni ni dawa. Ng'ambo ya Shafi inampa Yasmin uhuru wa kupenda, lakini haimpi ulinzi. Denge ni mtu wa harakati kwanza, na akina Koplo Matata hawambanduki. Anayempenda inabidi aishi na hofu ya mlango kugongwa usiku. Mapenzi hapa hayalipi deni la ndoa iliyovunjika. Yanaanzisha gharama nyingine, na tofauti ni kwamba hii Yasmin kaichagua mwenyewe.

Sisi wa Ugogo hili tunalielewa upesi. Mahari yetu ni ng'ombe na mbuzi, na hawakai zizi moja. Wanagawiwa ndugu wa baba na wa mama, wengine wanakwenda kumwolea kaka. Posa ikivunjika inabidi warudi, na nani wa kuwakusanya? Ndiyo sababu binti anaambiwa vumilia, hata kama mwanamume hafai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inaruhusu kudai mahakamani zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa.

Binamu yangu alivunja posa. Mwaka uliofuata akaenda Muscat kufanya kazi za ndani, na mishahara yake ya kwanza ikalipa ng'ombe ambao wengine walishawala. Siku alipopiga simu kusema amepata mchumba huko, swali la kwanza la shangazi lilikuwa: "Na huyo atatoa wangapi?" Tulicheka wote. Yeye hakucheka.

Nilipoirudia riwaya baada ya simu ile, nilimwona Yasmin upya. Sikusoma tena habari za msichana "aliyepotea" akaokolewa na siasa. Nilisoma habari za mtu anayelipa peke yake gharama ya mkataba ambao waliufunga wengine. Na je, huo si ukoloni? Kuamuliwa, kukabidhiwa, kisha kulaumiwa ukikataa. Anayetenga mapenzi na ukombozi katika kitabu hiki anakata kitambaa kimoja vipande viwili. Amil Shivji, katika filamu aliyoitengeneza kutokana na riwaya hii mwaka 2021, aliyaweka mapenzi mbele, na wala siasa haikupungua.

Kwa hiyo, wenzangu, tukikutana tena na swali la dhamira, tusianze na Mwingereza. Tuanze na binti wa miaka 15 anayebisha hodi kwao, na waliomo ndani wanaomsikia.